MASHINE ZA PETROLI ZA NYUMBANI: TUKIKOPA, TUNUNUE IPI?

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika, Vudee. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Ndugu zangu, nitasema kwa kirefu kidogo, mnivumilie. Karani amenionyesha fomu za mikopo zilizoletwa baada ya mavuno. Zamani fomu hizi zilikuwa za mbegu, mbolea na mabati. Safari hii nyingi ni za mashine. Yupo anayetaka msumeno wa petroli, huu tunaouita chensoo. Yupo anayetaka mashine ya kufyekea majani, ile ya kuvaa begani. Na walio wengi wanataka pampu ya kuvutia maji. Mimi sipingi. Mtu akifyeka kwa saa moja mahali palipokuwa pakimvunja mgongo siku nzima, hayo ni maendeleo. Lakini fedha ya mikopo ni yetu sote, ni mahindi yetu na maharage yetu. Mashine ikifa mwezi wa tatu deni linabaki hai, na wale wadhamini wawili walioweka sahihi pale chini ndio watakaouza mbuzi. Ndiyo sababu nimeomba tuzungumze kabla ya kupitisha jina hata moja.

Mimi si fundi. Haya ninayoyasema nimewauliza mafundi, na mengine nimeyasoma katika vijitabu vya mashine zenyewe. Vijitabu hivyo mara nyingi ni vya Kiingereza, lakini nyumba nyingi hapa zina mtoto wa sekondari. Mkalishe chini akusomee, wewe andika kwa Kiswahili kwenye daftari. Sisi wa darasa la watu wazima tunajua kwamba neno likishaandikwa kwa mkono wako mwenyewe halipotei.

Kwanza, tuhesabu siku. Kabla ya kusema nataka mashine gani, sema nina kazi ya siku ngapi kwa mwaka. Nimemwuliza ndugu mmoja anayeomba msumeno: bwana, mwaka jana ulikata miti mingapi? Akaniambia mitatu, migrevilea ya mpakani. Sasa miti mitatu ni kazi ya asubuhi moja. Huyo amwite mwenye msumeno, amlipe, amalize. Msumeno unaokaa darini miezi kumi na moja huoza kwa kukaa, kwa sababu petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha gundi. Siku unapouhitaji hauwaki. Mwenye kupasua mbao kila wiki, huyo ana haki ya kuomba. Na mwenye ng'ombe wawili wa ndani, anayekata majani mafungu machache kwa siku, mimi naona mundu bado unamtosha, kwa kuwa ile mashine inayatawanya majani na kuyachanganya na udongo, na ng'ombe anayakataa. Mashine ya kufyekea ni ya uwanja, njia, kingo za matuta, eneo la shule na la zahanati.

Pili, na hapa ndipo nataka tukae, ni suala la spea. Wazee mnakumbuka miaka ya 1970 na 1980. Nchi yetu ilikuwa na matrekta ya kila kabila: ya Uingereza, ya Marekani, ya Italia, na yale ya Valmet ya Ufini yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha. Kila moja lina boliti zake. Lilipokufa moja, spea za jirani yake hazikuingia, na fedha za kigeni za kuagizia hazikuwapo. Matrekta yakawa vibanda vya kuku. Hayakuwa mabovu, jamani. Mengi yalikuwa mazima kabisa ila kwa kitu kimoja kidogo kama kiganja. Sasa na sisi hapa, kila mtu akishuka Same na kununua mashine ya jina lake, mwaka kesho tutakuwa na majina kumi na mawili na hakuna spea hata ya moja.

Kwa hiyo mimi nasema mashine ya kuaminika ni ile ambayo fundi wa Same anaijua, na spea zake ziko kwenye rafu. Jina kubwa peke yake halitoshi. Ukiingia dukani, usianze kwa kuuliza bei. Anza hivi: naomba plagi yake, kamba yake ya kuwashia, chujio lake la hewa, kiwambo cha kabureta, na ringi za pistoni. Taja hivyo vitano. Akikuletea vyote, kaa chini mzungumze bei. Akikwambia "hivyo tunaagiza Dar", basi siku ya kuharibika na wewe utaagizwa Dar.

Kuna maneno yanasemwa kwamba kitu cha Kichina hakifai. Maneno hayo si sawa, na yanatupotosha. Tutenganishe vitu viwili. Ipo mashine ya nakala na ipo mashine bandia. Chukua injini ya Honda GX160, hii inayokaa juu ya pampu nyingi za inchi 2. Honda ilianza kutoa injini za namna ya GX mwaka 1983, na viwanda vingi vya China vimeiga umbo lake mpaka boliti. Nakala hiyo imeandikwa jina la kiwanda chake bila kujificha, bei yake ni ndogo, na spea zake nyingi zinaingiliana na za Honda. Huyo si mwongo. Haidumu kama mama yake, lakini fundi anaijua na spea zimejaa madukani. Mwenye uwezo mdogo aichukue, ila ajue amenunua nini.

Bandia ni kitu kingine. Bandia ni mashine iliyovaa jina la mwenzake. Misumeno ndiyo iliyoathirika zaidi. Stihl ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1926, na Husqvarna ni ya Sweden. Rangi zao zinajulikana, na kwa sababu zinajulikana zinaigwa. Utaona msumeno umepakwa rangi ileile, lakini jina limekosewa herufi moja, au limebandikwa kwa karatasi inayobanduka kwa kucha, au namba ya mashine haikugongwa kwenye chuma. Mwananchi mwenzetu mmoja aliuziwa wa namna hiyo mjini kwa bei ya wa kweli, na breki ya mnyororo ilikuwa ni plastiki tu, haishiki kitu. Breki hiyo ndiyo inayousimamisha mnyororo msumeno unaporuka nyuma kuelekea usoni. Hapo tunazungumza habari ya uhai wa mtu, achilia mbali fedha. Hivyo basi dai risiti ya mashine ya EFD, yenye jina la duka na aina ya mashine, na uitunze pamoja na hati ya shamba. Pasipo risiti huna pa kulalamikia.

Tukiwa bado dukani. Kabla muuzaji hajaiwasha, gusa injini kwa mkono. Ikiwa na joto, alishaiwasha kabla hujafika, na mashine iliyopata joto huwaka hata ikiwa na ugonjwa. Mwambie utarudi ikishapoa. Kisha vuta kamba polepole wewe mwenyewe. Lazima usikie kitu kinakuzuia, kama mtu anavuta upande wa pili. Ikija laini laini kama kamba ya kisima kisicho na ndoo, ringi zimekwisha au silinda imechunwa. Ikiwaka, iache inguruma dakika chache bila kuibana mafuta, izime, halafu iwashe tena ikiwa ya moto. Zipo zinazowaka baridi na kugoma moto. Hizo ndizo zitakazokuacha bondeni jioni. Na ile karatasi iliyoandikwa nguvu za farasi 7 na nusu, usiiamini upesi. Tazama cc zilizogongwa kwenye chuma. Injini ya cc 163 kama hiyo ya Honda ni farasi 5 kasoro kidogo. Anayekwambia injini ya ukubwa uleule ina farasi 7 na nusu amepata wapi farasi wa ziada?

Halafu sisi ni watu wa milimani, na jambo hili wauza mashine wa bondeni hawatuambii. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini inakula hewa pamoja na mafuta. Vijitabu vya Honda vinasema injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Tukipiga hesabu ya shamba lililo mita 1500 kutoka usawa wa bahari, ni mara tano, yaani asilimia 17 na nusu. Farasi 5 wa Tanga akifika hapo ni farasi 4 na kitu. Kwa hiyo usinunue mashine inayotosha kamili. Nunua inayozidi kidogo. Na ikiwa inatoa moshi mweusi huku wakati mjini haikutoa, si lazima iwe mbovu. Huenda kabureta inamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na fundi anaweza kuirekebisha.

Injini zenyewe ni za namna mbili, na watu wameziua kwa kuzichanganya. Msumeno na nyingi za mashine za kufyekea ni za mapigo mawili, hazina mahali pa oili, kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli. Pampu nyingi ni za mapigo manne, oili yake inakaa chini peke yake na petroli inakwenda tupu. Mwenye kutia petroli tupu kwenye msumeno ameuua kabla ya saa sita mchana, maana pistoni inasaga silinda bila utelezi. Kipimo kiko kwenye kijitabu. Wengi wanaandika 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Oili yenyewe iwe ile ya mapigo mawili. Ya gari haifai. Wengine wanaandika 25 kwa 1, ambayo ni mililita 40. Kukadiria kwa kifuniko cha soda tuache. Nenda duka la dawa za mifugo ununue bomba la sindano la mililita 20, lipake rangi nyekundu lisije likaenda kwa ng'ombe. Bomba moja kwa lita moja, matano kwa dumu la lita 5. Hata ambaye hajui kusoma anaweza kuhesabu mabomba.

Ya mapigo manne, pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imekaa sawasawa. GX160 inachukua oili lita 0.6 hivi, haifiki hata lita moja, kwa hiyo ikipungua kidogo imepungua sana. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, baadaye kila saa 100. Na sisi wa matuta, tusiweke pampu kwenye mteremko. Ikilala upande, oili inakimbilia pembeni na chuma kinabaki kikavu. Zipo zinazojizima zenyewe oili ikipungua, na watu wanadhani zimeharibika wakati zimejiokoa. Chimba kijukwaa, iweke iwe sawa.

Petroli nayo. Hii ya chupa inayouzwa kando ya barabara kwa ajili ya bodaboda inasaidia, sikatai, lakini haina ushahidi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ndani ya petroli ulikuwa umezidi nchini mpaka EWURA ikaanza kuyawekea mafuta alama ya siri mwaka 2010. Alama hiyo hupimwa kituoni, haipimwi kwenye chupa. Atakayeshuka Same alete dumu kutoka kituoni, tena la mwezi mmoja tu, kwa sababu petroli ikikaa inachoka. Isiwekwe kwenye chupa za maji ya kunywa, mtoto haangalii rangi. Na mashine isiwashwe jikoni wala ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa kama amelala tu.

Misumeno nitaipitia haraka. Mdogo wa cc 30 kama Stihl MS 170 ni wa kuni na matawi. Ukiupasulia mbao unaukosea. Mkubwa kama MS 381, wa cc 72, ni wa wapasua mbao na ni mzito. Nunua na tupa ya kunolea ya unene unaoagizwa na kijitabu, maana mnyororo butu unaua injini kuliko miaka. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isitiwe kwenye mnyororo, ina chembe za chuma. Kabla ya yote hayo, mwombaji afike kwanza ofisi ya misitu pale Same aulize masharti ya usajili na kibali, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina meno. Msitu wa Chome kule Shengena ni hifadhi, na ndiko yanakotoka maji ya watu wengi. Fedha ya ushirika huu isije ikanunua msumeno utakaosikika huko usiku.

Sasa pampu. Wazee wa ndiva wamenitazama tangu nianze, najua wanangoja hapa.

Pampu ya petroli haivuti maji kutoka mbali kwenda chini. Hata ingekuwa na nguvu za farasi mia, pwani inavuta kama mita 7 au 8 kwenda juu mpaka kwenye pampu, na huku kwetu inapungua zaidi, kwa sababu ileile ya hewa. Iweke karibu na maji, isizidi mita 5. Kusukuma juu ndiko inakoweza, lakini ile mita 30 iliyoandikwa kwenye boksi ni pale ambapo maji yanakaribia kukoma kabisa. Shamba likiwa mita 25 juu ya mto utapata kijito cha kunawa mikono. Kwa hiyo kabla ya kuomba mkopo, chukua ule mpira mwembamba wa maji anaopimia fundi mwashi, panda nao hatua kwa hatua kutoka mtoni mpaka shambani, jumlisha. Ukipata zaidi ya mita 20, pampu hiyo ya kawaida ya inchi 2 si yako. Bustani ndogo karibu na maji, ipo pampu ya kukanyaga kwa miguu iliyotoka Kenya, inaitwa MoneyMaker. Hainywi petroli hata tone. Pampu ya injini hunywa tangi la lita 3 kwa saa mbili hivi kazi ikiwa nzito. Piga hesabu ya kiangazi kizima, kisha uone nyanya zitakazolipa.

Lakini hata ambaye shamba lake linafaa, tumwulize: maji ya nani? Pampu ya inchi 2 ikitoa lita 500 kwa dakika, inatoa lita 30,000 kwa saa. Ndiva ya mita za ujazo 200 ina lita 200,000. Maana yake mtu mmoja, na mashine moja ya kubeba kwa mikono miwili, anamaliza ndiva nzima kwa chini ya saa saba. Ndiva iliyojazwa usiku kucha kwa mfereji uliochimbwa na babu zetu, na ambayo ilikuwa ifunguliwe asubuhi kwa zamu za kaya nyingi. Na akiiweka mtoni juu ya mfereji ni yaleyale, ndiva haitajaa. Kisha maji ya Vudee hayaishii Vudee. Yanashuka Bangalala, yanakwenda mpaka Makanya. Kule tumeoza mabinti na tumeoa. Wakiamka siku moja wakakuta mto mkavu na wakasikia kwamba juu kunanguruma mashine kumi, hawatauliza zimenunuliwa kwa mkopo wa nani, watapanda. Na sheria iko upande wao, maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayechukua maji ya mto kumwagilia, na kibali kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Vijana watasema Katibu anarudi nyuma. Hapana. Mimi napendekeza mambo ambayo mkutano huu unaweza kuyapigia kura leo. Mikopo ya pampu isitolewe kwa mtu mmoja mmoja, itolewe kwa kikundi cha zamu moja ya ndiva, na fomu iwe na sahihi ya mzee wa ndiva hiyo pamoja na kibali. Pampu ifanye kazi siku ya zamu ya kikundi tu, kwa maji ya zamu yao. Mashine ya kufyekea zinunuliwe mbili za chama, za jina moja, zikae kwa karani, mwanachama akodi kwa saa na arudishe ikiwa safi, chujio likiwa limekung'utwa. Anayefyeka avae viatu na miwani, na watoto wakae mita 15, maana kisu kinarusha mawe. Msumeno apewe mkopo mwenye kazi hiyo kwa kweli na aliyekwisha kufika ofisi ya misitu.

Na jina la mashine tusichague hapa mkutanoni kwa kelele. Wachaguliwe watu watatu, mmoja awe kijana anayesoma Kiingereza, mmoja awe mama, mmoja awe yeyote mwenye kuelewa injini. Washuke Same na orodha ya zile spea tano, wazunguke maduka yote, waandike nani anazo na kwa bei gani, kisha waulize mafundi wasiopungua wawili wanaopenda kufungua injini ya nani. Nauli yao itoke mfuko wa chama. Karatasi yao itabandikwa hapa hapa ubaoni ili kila mtu aisome. Fomu zilizopo kwa karani hazifutwi, zinangoja. Anayetaka kubadili yake kutoka mtu mmoja kwenda kikundi, aende kwa karani na wenzake siku ya gulio, asubuhi, kabla hajafunga ofisi.